Jinsi ya Kushindilia Barabara ya Muhima Bila Kushindwa na Vipimo

Ndugu mkandarasi, hongera. Umepata kipande cha barabara Muhima, Kigali, mlima unapoteremka kuelekea Nyabugogo. Kifusi chekundu unacho, rola unayo. Zilizobaki ni njia za mkato, na hizi zibaki kati yetu.

1. Chagua kifusi kwa macho. Punje zilizooza kwa mvua na joto la miaka mingi huonekana kokoto kamili. Ukizibana vidoleni zinavunjika. Basi usizibane.

2. Nenda maabara ukafanye kipimo cha ushindiliaji cha Proctor, kilichotoka Marekani mwaka 1933: nyundo ya kilo 2.5, tabaka tatu, mapigo 25 kila tabaka. Unaongeza maji, unarudia. Vitabu vinadai udongo wa kuvunjika utumike mara moja, kila duru upewe mpya. Magunia yote hayo abebe nani? Rudisha uleule. Nyundo itasaga punje, unga utajaza matundu, uzito kwa ujazo utapanda. Utapata mchoro wa kutundika sebuleni.

3. Kero ndogo: sasa umejiwekea lengo la juu. Kufikia barabarani asilimia 95 ya namba hiyo ya maabara iliyovimba ni kazi. Usitetereke. Mwambie dereva wa rola awashe mtetemo, apite, apite tena, na akichoka apite tena. Kokoto za barabarani nazo zitageuka unga, na namba itafika. Uzuri wa mambo ni huu: kifusi kinavyozidi kuharibika, ndivyo ripoti inavyozidi kung'aa. Msimamizi atasaini huku akitafuta pozi la picha mbele ya rola.

4. Kipimo cha CBR, cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, kinataka sampuli ilowekwe siku nne. Siku nne za nini, na jua lote hili? Unga ukinywa maji hulegea, na ukishalegea utaulizwa maswali. Pima ikiwa kavu.

5. Chekecha kifusi kikiwa bado kwenye lori. Baada ya rola kupita, chekeche lifiche hata kwa fundi wako mwenyewe. Akilinganisha punje za kabla na za baada, umekwisha.

6. Kabidhi kazi Februari. Mvua kubwa za Kigali huanza Machi na huendelea hadi Mei. Hundi iwe imeshaingia, na miezi hiyo yote wewe pitia mtaa mwingine.