Betri Inayopona Ikifika Dukani

Gari langu ni la oto, na Kamunyonge nzima inalijua hilo isipokuwa vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu. Likigoma asubuhi wanakuja mbio: "Mwalimu, tusukume?" Nawaeleza kwamba gari la oto haliwaki kwa kusukumwa. Wananisikiliza kwa heshima zote, kisha wanasukuma, mpaka jiwe lituzuie. Na Musoma haina uhaba wa mawe.

Betri yenyewe ilikuwa mpya, ina waranti ya mwaka mzima. Muuzaji, hapahapa mjini, aliisifia hadi nikaona haya kuomba punguzo. Nilipoirudisha mkononi akaikataa. "Mzee, lete na gari, tuangalie alteneta inavyochaji." Gari lisilowaka litafikaje dukani? Jirani dereva teksi akatoa nyaya zake, tukabusti, nikaenda huku nikiogopa hata kupiga honi.

Fundi akaweka mita: volti 12.8. "Hii nzima kabisa, mzee." Alfajiri ilisoma 10.9! Betri ile ilikuwa kama mgonjwa anayekesha akilia, halafu daktari akiingia anaulizia chai.

Siri yake ni kwamba betri iliyotoka kuchajiwa njiani hubeba chaji ya juujuu, ikadanganya mita. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6, na kipimo cha kweli ni kuifungia mita huku stata inapigwa. Nikamwomba fundi afanye hivyo. Mshale ukaporomoka hadi 8, taa za dashibodi zikafifia, fundi akakohoa na kumtazama bosi wake. Hapo nikapata sauti. Nikaitaja Sheria ya Ushindani ya 2003, nikaitaja na Tume ya Ushindani inayolinda walaji. Wateja wawili wakageuka kuniangalia. Nadhani walinidhania wakili.

Muuzaji akauliza kwa upole, "Risiti iko wapi, mzee wangu?"

Nikaitoa kwenye pochi. Nyeupe pe! Karatasi ya mashine ya EFD haina wino. Joto la mashine ndilo linaloiandika, na muda na jua huifuta. Waranti ilikuwa bado na miezi, risiti ilishatangulia. Nikasema mashine inatunza kumbukumbu ya mauzo, waangalie. Akaniambia ile mashine ilishabadilishwa. Akaniuzia maneno mengine pia, yote bila risiti.

Nilinunua betri nyingine, duka jingine. Nawe msomaji, ukinunua yako, ipige picha risiti ukiwa bado kaunta. Ukienda kudai, usikubali wapime ukifika tu: acha gari lilale kwao, na asubuhi walipige stata wenyewe. Likigoma, vijana wa kusukuma ninao.