Nipeni Viatu Nishike

Sijui ni nani aliyewaambia watu wa Unguja kwamba Idi haijatimia mpaka mtu mzima azungushwe. Sala tumesali, mkono wa Idi tumetoa, biriani tumekula, bado jioni mtu unatakiwa ukafungwe mkanda kwenye kiti cha bati, upeperushwe na kijana anayetafuna jojo huku anaangalia simu yake. Na hiyo eti ni furaha, tena ya kulipia.

Wapwa zangu wamenikazania ile merikebu ya kuning'inia, inayokwenda mbele na kurudi nyuma kama imekosa pa kutia nanga. "Mjomba, safari hii huponi." Nikisema roho inanichafuka, kila mtu ana dawa. Dada ananiletea ndimu ya kunusa. Jirani anasifia tangawizi. Shemeji, ambaye hupanda boti ya Dar na kulala kabla haijatoka bandarini, ananiambia nisifikirie. Wasiotapika ndio mabingwa wa kuwafundisha wanaotapika.

Basi nikaenda vitabuni, na huko nikakuta shari yote inaanzia sikioni. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye maji, inayopima kichwa kinavyogeuka, na vijiwe vidogo mno vinavyojua chini ni wapi. Jicho linasema umekaa kitini. Sikio linasema unaruka. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja, Michel Treisman, alitoa nadharia kwamba ubongo ukiona mashahidi hawa wawili wanapingana, huamua kuwa mwenye mwili kala sumu, na kuliamuru tumbo limwage kila kitu. Yaani mimi nimekula biriani ya dada yangu kwa adabu zote, kisha ubongo wangu mwenyewe unamtuhumu dada kwa sumu! Nadharia hii nyumbani kwetu haijatajwa, na haitatajwa.

Kuna pia Mmarekani William James, aliyeandika mwaka 1882 habari za kuzungusha watu. Profesa mzima alitumia pembea: anasokota kamba, anaziachia, mtu anazunguka. Katika wanafunzi wa Harvard wapatao 200, asiyepata kizunguzungu alikuwa mmoja tu. Alipouliza na kuwapima viziwi 519, akapata 186 wasiosikia kizunguzungu hata chembe. Kwa hiyo tatizo langu ni kuwa na masikio mazima. Siku nyingine shemeji akinicheka, nitamuuliza kuhusu ya kwake.

Lakini kilichonikera zaidi ni hili la mwendo. Wataalamu waliwatikisa watu kwa kila namna, wakaona kwamba kinachotapisha kupita vyote si kasi. Ni kuyumba polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde tano hivi. Sasa nenda kasimame mbele ya merikebu ile uhesabu. Imekwenda, imerudi: tano, sita. Aliyeiunda sijui alikuwa na ugomvi na nani! Binamu yangu aliyeko Abu Dhabi anajisifu kupanda vile vigari vya reli vya Ferrari World vinavyofika kilomita 240 kwa saa. Sawa, vinatisha, lakini dakika moja na nusu umeshatua chini, unatafuta soda. Merikebu yetu haina haraka. Inakubembeleza mpaka utapike.

Vidonge vipo, sikatai. Ila inabidi uvimeze mapema, nusu saa au saa nzima kabla. Roho ikishachafuka umechelewa, na ndipo hasa watu wanapovikumbuka. Muuza dawa akanionya, "Mzee, hivi vinaleta usingizi, usiendeshe gari." Kwa hiyo nilipe tiketi nikasinzie hewani.

Mengine ni rahisi kuyasema: kula kidogo, tumbo lisiwe tupu wala lisijae mafuta. Siku ya Idi? Mbele ya urojo na mishikaki? Egemeza kichwa, usikigeuze-geuze. Tazama kitu kimoja cha mbali kisichotikisika. Kaa katikati ya merikebu, ambako haipandi juu sana. Hili la mwisho nililishika kwa mikono miwili, mpwa wangu mdogo akalifuta papo hapo: "Katikati wanakaa watoto wachanga na mabibi, Mjomba." Vitabu vinasema watoto wa miaka 6 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Huyu ana miaka tisa, na hushuka akiuliza chipsi ziko wapi.

Kwa hiyo nimeshatangaza msimamo. Pale chini kuna kazi ya heshima ambayo hakuna anayeigombea: kushika viatu, simu, mikoba, maputo, na mtoto mchanga wa mtu ambaye hata hukumbuki ni wa nani. Bila mshika viatu hakuna anayepanda. Tiketi yangu mpeni shemeji, akae mwisho kabisa kwenye ncha, asifikirie. Mimi naomba kiti tu. Na tafadhali mkigeuzie ukutani, maana hata kuitazama ile merikebu ikienda na kurudi, biriani inaanza kuniuliza maswali.