Sifa Zake Upepo wa Breki

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti, na walistahili kuusifu. Lakini sijaona hata ubeti mmoja uliotungwa kwa ajili ya upepo unaobaki ndani ya paipu za breki baada ya fundi kufunga padi na kalipa, kupangusa mikono kwa kitambaa cheusi na kutamka, "Tayari, bosi." Bosi anakanyaga. Pedali inazama hadi karibu na zulia, laini kama muhogo uliochemshwa ukapitiliza. Asiye na shukrani atalaani. Mimi nadai vigelegele.

Nianze na ukweli wake. Muuzaji wa spea anaapa kwamba padi ni orijino, fundi anaapa kwamba kazi imekamilika. Upepo hauapi, unakuja wenyewe chini ya wayo kutoa ushahidi. Mafuta ya breki hayakubali kubanwa. Yakisukumwa kutoka masta silinda, hufikisha nguvu hadi kwenye pistoni za kalipa, kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal karne ya 17. Mwaka 1921 gari la Duesenberg la Marekani lilitumia kanuni hiyo hiyo kusimamisha magurudumu yote manne. Upepo hauna ukaidi wa mafuta. Ukiukanyaga unajikunja, unakupa nafasi ya kutafakari maisha na lori lililo mbele yako, kisha breki zinashika. Au hazishiki. Upole wa namna hii ni nadra mjini, na ndiyo maana gari lenye pedali laini halifai kutolewa gereji hata kwenda dukani.

Lakini sifa yake kubwa ni kupindua vyeo. Siku ya kutoa upepo, mwenye gari aliyevaa tai huketishwa nyuma ya usukani, na kijana anayejifunza kazi, asiyekuwa hata na ovaroli, hulala chini ya gari na spana yake. Amri hutoka chini kwenda juu. "Kanyaga, bosi! Kanyaga! Kanyaga! Shikilia! Umeshika?" "Nimeshika!" Kijana analegeza nipo ya kutolea upepo, mafuta na vipovu vinatoka kwenye mpira hadi kwenye chupa, pedali inashuka, nipo inafungwa. "Achia!" Bosi akiachia kabla hajaambiwa, nipo ingali wazi, mfumo unavuta hewa upya na anafokewa mbele ya watu. Hajibu kitu. Ofisini kwake hakuna aliyewahi kumfokea hivyo akavumilia. Na zamu huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia mara nyingi ni la nyuma kushoto, likafuatiwa na mengine hadi la karibu, ili unyenyekevu usambae gari zima. Magari mengine yana mpangilio wake. Hilo litazamwe kwenye kitabu cha gari, kama yupo anayekisoma.

Upepo pia una maadili ya makazi: hukaa juu daima. Fundi mwenye haraka akiifunga kalipa ya kushoto upande wa kulia, nipo huishia kutazama chini. Hapo mtapitisha mafuta hadi kopo la pili liishe, na upepo utakuwa umekaa ghorofani kama mwenye nyumba, ukiwatazama. Wenye maduka ya DOT 3 na DOT 4 wangepaswa kuuchangia sanamu. Wakishaijenga, wawakumbuke pia wale wanaoacha kikopo cha juu kikauke katikati ya kazi, maana hao huanza upya wote.

Mnyenyekevu kama huyu hakosi kusingiziwa. Pedali ikishikiliwa kwa nguvu ikawa inazama polepole, mtuhumiwa ni mpira wa ndani ya masta silinda. Ikipanda baada ya kupampu mara mbili tatu, huenda ni upepo kweli, lakini huenda pia ni viatu vya nyuma kwenye dramu ambavyo hakuna aliyevirekebisha. Hozi ya mpira iliyochoka huvimba kila unapokanyaga, na lawama hupelekwa kwa upepo. Hata pistoni zilizorudishwa ndani ili padi mpya zipate nafasi huifanya pedali iguse chini mwanzoni bila chembe ya hewa. Ndiyo sababu hupampuliwa mpaka ikaze kabla gari halijasogea hata hatua moja. Na yule anayechemsha mafuta ya zamani kwenye mteremko wa Kitonga, akakuta pedali imelegea, amekutana na mvuke. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: DOT 3 mpya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini yaliyokunywa maji yanaweza kuchemkia 140.

Kisha kuna shtaka la mwisho, linaloletwa gereji na mteja mwenye hasira baada ya kazi kukamilika. Injini ikiwa imezimwa, anapampu hadi pedali inakuwa ngumu, anaiwasha huku mguu ungali juu yake, pedali inashuka kidogo. "Fundi, upepo bado upo!" Haupo, mzee. Hiyo ni sevo imeamka, inakusaidia kukanyaga.