Sisimizi Katajwa

Wakati wa magharibi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu. Mpira wa gofu umetumbukia ndani ya unyayo mbichi wenye vidole vinne. Mwenye unyayo yumo majini, macho na masikio tu ndiyo yako juu.

MPIRA: Hodi, Mzee!

KIBOKO: Hodi hubishwa mlangoni, kijana. Wewe umeshalala kitandani.

MPIRA: Niwie radhi. Si mimi, ni fimbo. Tangu asubuhi nachapwa tu.

KIBOKO: Usinililie mambo ya kuchapwa. Jina langu ndilo jina la mjeledi, na ngozi ilikuwa ya babu yangu. Bwana wako yuko wapi?

MPIRA: Alipoona macho yako aliikatiza hadithi ya kiwanja alichonunua Riat. Sasa anawakumbusha wenzake kanuni.

KIBOKO: Kanuni gani?

MPIRA: Ya zamani hiyo. Mwaka 1950 Klabu ya Nyanza iliandika kwamba mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji adondoshe mwingine mahali salama, mradi asilisogelee shimo. Bila adhabu.

KIBOKO: Bila adhabu kwa nani?

MPIRA: Kwake yeye. Hahesabiwi pigo.

KIBOKO: Na hapo mahali salama ni wapi? Mimi na tani yangu moja na nusu, nikiudhika, nakimbia kilomita 30 kwa saa. Yeye na kitambi kile?

MPIRA: Hatua hazikutajwa, Mzee. Inaonekana waandishi waliogopa zaidi mtu kuiba hatua moja kuelekea shimoni.

KIBOKO: Afadhali jamaa zangu wa uwanja wa gofu wa Jinja, Uganda.

MPIRA: Huko hata unyayo wenu una heshima yake. Mpira ukiingia ndani, unainuliwa bure. Ila kanuni za dunia nzima, zile za 2019, zimetoa mifano ya wanyama hatari: nyoka wa sumu, nyuki, mamba wa Marekani, dubu, na sisimizi wale waumao kama moto.

KIBOKO: Na mimi?

MPIRA: Hukutajwa.

KIBOKO: (akipuliza maji puani) Sisimizi katajwa! Mimi ninayewafyekea kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja, bila mshahara, sikutajwa. Sisimizi katajwa!

MPIRA: Ni mifano tu, Mzee. Hata wewe unaweza kuingia humo.

KIBOKO: Niingie wapi? Nilikuwamo kabla nyasi hazijanyolewa. Haya, niambie. Mvuvi wa Dunga akinikuta njiani usiku, yeye naye anadondosha mtumbwi mwingine mahali salama?

MPIRA: Mvuvi ana sheria ya 2013. Ukimuua, jamaa zake wana haki ya fidia ya shilingi milioni 5.

KIBOKO: Wanalipwa lini?

MPIRA: Kuna fomu. Fomu inakwenda kwa kamati. Ikitoka kwa kamati inasubiri bajeti.

KIBOKO: Na mpira mwingine unadondoshwa lini?

MPIRA: Ameshaudondosha, akaupiga. Nimesikia wakimpigia makofi.

(Kimya. Mbu wanaanza kazi yao. Matete yanatikisika.)

KIBOKO: Nasikia miguu. Amerudi?

MPIRA: Arudi yeye? Huyo ni kedi, kijana anayebeba mkoba wa fimbo. Ametumwa anichukue. Mimi si mpira wa bei rahisi, Mzee.

KIBOKO: Kanuni yenu inasemaje juu yake?

MPIRA: Inasema mpira mwingine udondoshwe ma...

KIBOKO: Sikuuliza mpira.

(Mpira haujibu. Kedi amefika kwenye matope. Anavua viatu kwanza, anavipanga vizuri juu ya nyasi kavu, kisha anakunja suruali. Kiboko anamtazama. Anajirudisha nyuma majini taratibu, hatua moja, hatua mbili.)