Muulize Tonton Ekrani: Nani amekata kilemba cha Mama?

Tonton Ekrani hujibu shida za kioo, shida za ndoa, na shida za kioo zilizozaa shida za ndoa. Maswali kuhusu bei ya kobalti apelekewe mwingine.

Tonton, bwana yangu ameunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni. Tukiweka video ya harusi ya binti yetu, kilemba changu kimekatwa nusu, na nilikinunua dola hamsini. Tukitazama mechi ya Mazembe, matokeo yaliyo pembeni juu hayaonekani, tunaulizia kwa jirani. Mpiga video aturudishie pesa?
*Mama wa Harusi, Dilala*

Mama, mwache mpiga video ale pesa yake kwa amani. Mwizi ametundikwa ukutani kwenu. Zamani, televisheni za kichogo zilichora picha kubwa kidogo kupita kioo, ili kingo zenye kasoro zijifiche nyuma ya fremu. Kichogo kimekufa, desturi imebaki: televisheni bapa nyingi bado hukuza picha inayoingia kwa HDMI, kisha hutupa kingo zake. Shika rimoti, uingie kwenye mipangilio ya picha. Kwa LG tafuta Just Scan, kwa Samsung Screen Fit, kwa Sony Full Pixel. Bwana akikuambia afadhali aipunguze picha kwenye kompyuta, mkatalie kwa upole. Kompyuta itaipunguza, televisheni itaikuza tena, na uso wa binti yenu utatoka na ukungu.

Tonton, mtoto wangu alinitafutia video ya fainali ya 1974. Wachezaji wote wana matumbo! Wajukuu wanacheka, wanasema Zaire ilishinda kwa uzito.
*Mstaafu wa Gécamines, Musonoi*

Mzee wangu, shikamoo. Waambie wajukuu kwamba Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika Kombe lile la Afrika kule Misri, na mpaka leo hakuna aliyefikisha tisa katika mashindano ya mwaka mmoja. Fainali dhidi ya jirani zetu wa Zambia ilichezwa mara mbili: kwanza sare ya 2–2, kisha marudiano ya 2–0. Mabao yote manne ya Zaire ni yake, na mwenye tumbo hawezi hayo.

Picha za enzi zile zina upana wa 4 kwa kimo cha 3. Kioo chenu ni 16 kwa 9. Mtoto ameivuta picha ijaze kioo, kwa hiyo kila mchezaji ameongezewa theluthi ya upana na mpira umekuwa yai. Aifungue kwa programu ya VLC, abonyeze herufi A mpaka isomeke 4:3. Mpira ukiwa duara, aache hapohapo. Pande mbili za kioo zitabaki nyeusi, na asijaribu kuzijaza: hakuna kitu ambacho kamera ya 1974 ilipiga huko. Hata filamu nyingi za sinema, kwa kuwa ni pana kupita kioo cha nyumbani, huacha karibu robo yake nyeusi, juu na chini. Muuzaji wa televisheni hakuwapunja.

Tonton, kila delestage, yaani mgao wa umeme, ikiisha, kompyuta inawaka na herufi nene, na watu kwenye video wamenenepa. Umeme unanenepesha?
*Kijana wa Manika*

Kijana, umeme wa Inga unasafiri kilomita 1,700 hivi kufika Kolwezi, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani hapa kwenye mto Lualaba. Kwa nini usiku wa mechi unabaki na mshumaa, hilo si la safu hii. La unene ninaliweza. Kompyuta yako imepangwa ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Inaamka, inaiuliza televisheni kwa njia ya kebo: una ukubwa gani? Televisheni bado imelala, haijibu. Basi kompyuta inakisia ukubwa wa kizamani, labda 1024 kwa 768, na televisheni ikiamka inauvuta ujaze kioo. Washa televisheni kwanza, kompyuta baadaye. Ukiwa umeshachelewa, chomoa HDMI, irudishe, kisha hakikisha kompyuta inasoma 1920 kwa 1080.

Tonton, mzigo ulilipa, nikanunua kioo cha 4K cha inchi 65. Herufi hazisomeki kwa udogo. Mpwa wangu akaweka ukuzaji wa 300%. Sasa herufi ni safi, lakini programu yangu ya video ina ukungu.
*Tajiri Mpya, Kasulo*

Hongera, kaka. Kasulo inayajua mambo ya kukua ghafla tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za watu. Kioo chako kina nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya kile cha kijana wa Manika. Mpwa hakukosea: ile 300% ni ya herufi na vitufe. Ila programu ya zamani haina habari hiyo, kwa hiyo Windows huichora ndogo kisha huivuta, filamu na vyote. Bofya alama ya programu kwa kitufe cha kulia, ingia Propriétés, halafu Compatibilité, halafu Modifier les paramètres PPP élevés, na kazi ya kukuza uwaachie Application. Usishushe kioo kuwa 1280 kwa 720 ili usome vizuri. Utakuwa umelipia nukta milioni nane utumie chini ya milioni moja.

Tonton, muuzaji sokoni anasema picha yangu inakatwa kwa sababu kebo ina shaba mbaya. Anataka dola 80 kwa kebo yenye ncha za dhahabu. Mimi nabeba shaba kila wiki, nina mashaka.
*Dereva wa Njia ya Kasumbalesa*

Dereva, mashaka yako ni safi kwa asilimia 99.99, kama katodi unazobeba. Kebo ya HDMI hubeba namba. Ikiharibika utaona nukta zinazometameta, picha inayopotea, au giza tupu. Haikati kilemba wala haipanui wachezaji. Ikiwa ndefu kupita kiasi kwa picha ya 4K, hapo ndipo uanze kuishuku.

Ubaya uko kwa wapimaji. Picha yako inasafiri kama gunia la kobalti linalokwenda soko la Musompo: huyu ana mzani wake, yule anasoma asilimia kwa metorex yake, mashine ya kupima madini, wa tatu anadai kodi, na kila mmoja anaapa amekata kidogo tu. Kwenye picha, VLC inapima, Windows inapima, televisheni nayo inapima. Mbakishe mpimaji mmoja. Kompyuta itoe nukta zilezile za kioo, VLC ikuze filamu, televisheni ionyeshe bila kugusa kitu.

Zile dola 80 zitunze. Njiani mpaka Kasumbalesa utakutana na wengi watakaoziomba, na hakuna hata mmoja atakayetaja kebo.