Pampu ya Shemeji

Shemeji hununua kitu kwa uzito: kikimuumiza mgongo, basi ni imara. Ndivyo pampu ya chuma cha kusubu ilivyotufikia Kigamboni, imebebwa na vijana wawili kutoka Kariakoo, mama mkwe akiipigia vigelegele.

Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi, kama vingi vya pwani. Pampu ilivuta vizuri, mpaka siku mama mkwe alipoanua kanga yake mpya akaikuta na mabaka ya rangi ya chai. Wifi akasingiziwa, akasusa kula. Fundi alipofungua pampu, kutu ilimdondokea mapajani kwa magamba.

“Ubaya uko kwenye panga la ndani,” Shemeji akaamua. Akanunua la shaba ya njano, likafungwa ndani ya bodi ile ile ya chuma. Kweli, shaba haishiki kutu. Lakini metali mbili za aina tofauti zikiunganishwa ndani ya maji ya chumvi, huzuka umeme mdogo kati yao, na ile dhaifu huliwa ili mwenzake apone. Dhaifu hapa ni chuma. Ijumaa moja bodi ilitoboka ubavuni ikamrushia Shemeji maji mekundu, naye kavaa kanzu, yuko njiani kwenda msikitini. Lile panga lilitoka linang'aa kama bangili ya bi harusi.

Sasa ikawa stenlesi au hakuna maji. Shemeji akaja na sumaku mfukoni: isiyonaswa ndiyo halisi. Fundi akacheka mpaka akaketi. Kwa kawaida stenlesi ya 304 hainaswi, ya 316 hainaswi, ila kwenye maji ya chumvi 304 hupata vitobo vidogo vinavyochimba kwenda ndani huku juu pakiwa safi. Ya 316 ina molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo inayoizidishia ustahimilivu. Sumaku haioni hilo. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma. Bei ya 316, bila shaka, ilikaliwa kikao.

Mama mkwe akatoa fedha zake za upatu kwa sharti kwamba Shemeji abaki nyumbani. Akaenda Kariakoo mwenyewe na chupa ya maji ya kisima kwenye mkoba. Muuzaji alipomsifia 304, ile ile tu mama, bei ya kirafiki, alifungua kizibo akamsogezea chupa.

“Onja kwanza, mwanangu.”