Halua ya Kwenye Cherehani

Baba mkwe wangu ana magonjwa mawili yasiyoelewana. Kisukari ndicho kilichotangulia, miaka mingi sasa, na kina daftari lake, siku yake ya kliniki na mlezi wake, ambaye ni mama mkwe. Wa pili ulibisha hodi mwaka jana, Iddi ikiwa bado inanukia nyumbani: maumivu chini ya kitovu upande wa kushoto, homa, na mzee ambaye hajawahi kukataa sambusa akakataa sambusa.

Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kwetu Ngamiani, Tanga, kutembea wiki moja na hadi leo yupo, alihukumu palepale kwamba ni ngiri, akabandika mizizi jikoni. Mama akasema ni hizo hizo sambusa. Hawa ni mawifi. Mmoja akisema ni mchana, mwingine huchungulia dirishani kwanza.

Sitiskani iliwakosesha wote wawili. Daktari alitueleza kwamba ukuta wa utumbo mpana wa Baba umetokeza vijifuko, mithili ya mpira wa baiskeli uliochoka unavyotoa malengelenge, na kimoja kimevimba na kuingiwa na maambukizi. Vijifuko vyenyewe watu wengi wanavyo uzeeni na hawana habari navyo. Vikiwaka ndipo huitwa divatikulaitisi. Daktari yule kijana alipenda kusimulia, basi akatutajia na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, akaona wagonjwa wa namna hii ni nadra sana pale. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter waliandika kwamba chanzo ni chakula kilichoondolewa makapi: unga mweupe, mkate mweupe. Siku hizi, akasema, huongezwa umri, unene, sigara na damu ya ukoo. Shangazi aliishia kwenye mkate.

"Si nilisema? Boflo!"

Hakuwa amesema.

Hapo vita ikahamia jikoni, na jikoni ni kwangu. Watu wa kliniki ya sukari siku zote hutuambia dona, kunde, matembele. Ukiona cheupe, kimbia. Daktari wa tumbo naye akasema mpaka uvimbe upoe ni supu iliyochujwa na uji mwepesi, halafu wali laini na hilo hilo boflo. Majani na kunde vingoje, virudi polepole. Mbele ya safari wangekuja kukubaliana, maana mzee akishapona makapi yanamfaa kwa tumbo na kwa sukari pia. Lakini siku zile za katikati, kila sahani niliyoitoa ilikuwa halali kwa ugonjwa mmoja na haramu kwa mwingine. Kila daktari ana kiungo chake anachokijua. Mzee mzima anapatikana nyumbani tu, na anayempakulia ni mimi.

Kisha wakaja majirani na habari za mbegu, kwamba zinanasa kwenye vijifuko. Karanga zikafukuzwa, ufuta ukafuata, bisi za watoto zikahamia kwa jirani. Nyanya ziliruhusiwa kwa masharti. Mama aliketi kwenye kigoda, akaipasua nyanya, akaikwangua kwa kijiko cha chai, na ile mbegu iliyong'ang'ania kwenye ngozi akaichokonoa kwa sindano ya cherehani huku ameishika nyanya juu dirishani, jicho moja kalifumba. Nyanya mbili zilimlia asubuhi nzima. Nilimsomea habari ya utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18 bila kuona kwamba walaji wa karanga na bisi huugua zaidi ugonjwa huu. Mama aliniuliza kama kati ya hao 47,000 yumo hata mmoja wa Tanga.

Sukari ilikwishafukuzwa zamani. Kwetu hata mgeni hunywa chai bila sukari, akasifu.

Sasa, Baba alikuwa ameandikiwa dawa mbili za kuua vijidudu: metronidazo, iliyomfanya alalamike kwamba uji una ladha ya msumari, na siprofloksasini. Mama, ambaye saa yake haikosei, akaendelea kumpa na glibenklamaidi yake ya kisukari, asubuhi na jioni, dozi kamili, wakati mzee mwenyewe anameza vijiko vitatu vya uji na kugeukia ukutani. Huko zilikotoka dawa za tumbo hakuna aliyeulizia dawa za sukari. Nyumbani nako sukari ilijulikana kwa tabia moja tu, ya kupanda.

Saa nane za usiku nikasikia mtu anaongea sebuleni. Baba amesimama mbele ya kabati la vyombo, futi shingoni, fulana imelowa jasho, mikono inamtetemeka. Ni fundi cherehani huyu, miaka yote, na alikuwa kazini. Analipima kabati.

"Nyoosha mkono, bwana," akaliambia. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu mabega mapana, lakini kitambaa alicholeta hakitoshi kanzu."

Shangazi akatokea na upande wa kanga kichwani. "Kapandwa huyo! Leteni chetezo!" Mama, kwa heshima zote za wifi, alimsukuma kando, akamkamata mzee kidole, akakitoboa. Kipimo kikasoma 2.6. Chini ya 4 ni hatari. Imeandikwa nyuma ya daftari la kliniki, mahali ambapo Mama huandikia madeni ya mchezo.

"Sukari!" Mama akapiga kelele. "Leteni sukari!"

Katika nyumba ile! Soda hakuna, juisi hakuna, asali Shangazi aliimaliza kwenye mizizi yake. Mume wangu akatoka na bukta kwenda kugonga kwa jirani. Akajibiwa na mbwa. Mama anafungua makopo na kuyafunga, anakuta chumvi, anakuta majani ya chai, anakuta chumvi tena. Kabati limeshapimwa kiuno.

Ndipo kitinda mimba wangu, wa miaka sita, akasimama mlangoni anajifikicha macho. "Babu ana halua kwenye cherehani," akasema. "Mimi hunipa kidogo nisiseme."

Droo ya cherehani ikavutwa. Bobini, chaki, vifungo vya kaptura za shule, na chini kabisa kijikapu cha ukili, halua imekatwa vizuri upande mmoja, nyuzi nyeusi zimeganda juu yake. Nilizibandua kwa kucha. Baba alikuwa bado anatafuna na kumeza, ndiyo salama yetu. Aliyezimia hatiwi kitu mdomoni. Alikula kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Muuguzi alituambia baadaye kwamba maji ya sukari yangefanya kazi haraka zaidi, kwa kuwa samli huichelewesha sukari ya halua, lakini muuguzi hakuwepo na halua ilikuwepo. Robo saa ikapita, tukapima tena, inapanda. Baba akalitazama kabati, akaitazama futi mkononi mwake, akauliza kwa nini nyumba nzima iko macho.

Tukampakia kwenye bajaji hivyo hivyo. Vizuri tulivyokwenda, kwani glibenklamaidi hukaa mwilini saa nyingi na sukari huweza kushuka upya. Walimtundikia dripu mpaka siku ya pili. Daktari wa zamu akatufafanulia kwamba siprofloksasini na glibenklamaidi zikikutana huweza kuisukuma sukari chini kwa pamoja, na tumbo tupu likamalizia. Akambadilishia dawa ya vijidudu, akaisimamisha ile ya sukari mpaka mzee arudi kula. Kisha akauliza kama kuna kingine anachomeza. Shangazi akafungua pochi, akatoa diklofenaki, zake za magoti, ambazo alikuwa akimgawia kaka yake kwa mapenzi. Daktari akazizuia. Dawa za jamii hiyo huweza kuchangia kijifuko kutoboka, na hapo safari ni ya chumba cha upasuaji. Tangu siku ile dawa zote za Baba, za tumbo, za sukari na za Shangazi, zinakaa mfuko mmoja, na mfuko huo naubeba mimi kwenda kliniki zote mbili.

Kesi ya halua ilisikilizwa aliporudi. Mama alitaka kujua imeanza lini, inanunuliwa kwa pesa gani, na mtoto amehongwa mara ngapi. Baba hakukana.

"Isingekuwa hiyo halua," akasema, "saa hizi mngekuwa mnakula pilau ya hitima."

Mama akatoa hukumu: kopo moja la sukari litakaa kabatini kwa ajili ya dharura, halua itoke. Boflo nalo likatoka, dona likarudi, na matembele nyuma yake, kijiko kwa kijiko.

Ila sasa Baba anatokwa jasho kila Ijumaa alasiri, muuza halua anapopita na baiskeli yake. Anashika ukingo wa kiti, anasema anaona giza. Mama humwendea na kipimo, kopo analiacha palepale. Ijumaa iliyopita kilisoma 9.4. Baba akakitazama, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wa pili.

"Kidole hicho kibovu," akasema. "Pima hiki."